Taa Chini ya Bawa la Kulia

Getruda, mwenzangu wa karakana, aliniambia, "Mama Neema, wewe ukiondoka unaondoka na vitu vyote kichwani. Andika." Nikamjibu kwamba mimi hata barua ya kuomba ruhusa huwa inanichukua siku mbili. Kesho yake akaniletea daftari kubwa la mistari na kalamu tatu, akasema sasa sina kisingizio. Basi naandika. Kalamu ya kwanza bado iko nusu.

Naandika kwa ajili yenu mliobaki karakana na wale watakaokuja. Vyeo sitaviongelea kwa sababu havikuwepo: nilianza na ufagio, nikamaliza na kiti chenye mto. Nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na nane, na si kwa uzee. Daktari alisikiliza kifua changu akaniuliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikamwambia mimi naimba kwaya. Akasema basi ni vumbi la plastiki na gundi, kwa hiyo nichague, kifua au karakana. Vaeni barakoa. Hata mkiacha kusoma hapa, la maana mmeshalipata.

Lingine ni refu, ni habari ya ile ndege. Wengi wenu mnaijua ile nusu ya vichekesho, chupa za soda na kadhalika. Sitaki mbaki na nusu.

Nilifika karakana nikiwa na miaka ishirini na sita, Neema mgongoni, natafuta kazi ya kufagia. Wakati huo ilikuwa chumba kimoja tu pale mtaa wa Majengo, Dodoma, nyuma ya maduka ya nafaka. Vumbi la mtama lilikuwa linaingia kwetu na vumbi letu la mbao linaingia kwenye mtama, na hakuna aliyelalamika maana hakuna aliyeweza kulitofautisha. Mwenye karakana alikuwa Mzee Kibwana, seremala kutoka Tanga, aliyechoka kutengeneza vitanda akahamia kwenye maketi, yaani yale majengo madogo ambayo wasanifu huwaonyesha wakubwa kabla jengo lenyewe halijaanza kujengwa.

Siku ya kwanza nilifagia vizuri sana. Kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza, nikazoa taka, nikasimama nikisubiri kusifiwa. Mzee Kibwana akaangalia sakafu, akaangalia kizoleo, akakaa chini kwenye kigoda.

"Mama, hii ni nini?"

"Takataka, mzee."

"Hii ni bustani ya hospitali. Umefagia miti kumi na minne."

Nilidhani nimefukuzwa. Badala yake akanipa sponji ya kuoshea vyombo, rangi ya kijani na waya mwembamba wa shaba, akasema nisirudi nyumbani mpaka hospitali ipate kivuli. Mti wa kwanza ulifanana na mswaki. Wa kumi na nne ulikuwa mti. Kesho yake ufagio alikabidhiwa mtu mwingine.

Kwa mzee yule nilijifunza kukata kwa wembe wa upasuaji bila kuukandamiza, kupiga msasa kufuata mkondo wa mbao, na kuijaribu gundi kwenye kipande cha kutupa kabla ya kuigusisha kwenye kazi. Lakini kubwa kuliko yote alinifundisha kutembea. Nyinyi mnajua, ila wageni hawajui: kabla maketi haijatoka mlangoni, mtu mmoja anapiga magoti mpaka jicho lifike usawa wa meza, anafumba jicho moja, na mwenzake anamuuliza. Uko mlangoni, unaona nini? Mapokezi. Kushoto kwako? Ngazi. Ukipanda ngazi? Choo. Basi tumekosea, hakuna mtu anayepanda ngazi ya wageni akakutana na choo. Makosa mengi tumeyakamata hivyo, kwa kuingia ndani ya kitu kisichofika hata magotini.

Neema alipoanza darasa la kwanza na mimi nikaanza masomo ya jioni. Niliishia la saba, na michoro ya wasanifu ilikuwa inanipiga chenga. Mwalimu wa hesabu alipofika kwenye skeli, moja kwa mia, moja kwa hamsini, darasa zima likanyamaza, mimi nikawa najibu tu. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nyuma ya maduka ya mtama.

Serikali ilipohamia Dodoma kazi zikawa nyingi. Majengo mengi mnayoyaona leo kule Mtumba niliyashika mkononi yakiwa hayajafika urefu wa chupa ya chai. Mengine niliyoyatengeneza hayakujengwa kabisa. Mzee Kibwana alikuwa anasema maketi ni ahadi, na ahadi ikivunjwa fundi haulizwi. Msemo huo niliuishi miaka mingi bila kuutilia shaka.

Mwaka jana, mwezi mmoja na nusu kabla ya mavuno, akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi anaitwa Yohana. Alikuwa na bahasha ya michoro aliyochapisha stesheneri.

"Naomba mnitengenezee ndege," akasema.

"Uwanja wa ndege?" akauliza Mzee Kibwana.

"Hapana, mzee. Ndege."

"Sisi ni watu wa majumba."

"Na hii watu walikuwa wanakaa ndani."

Mzee Kibwana akacheka, na akicheka huyo ameshakubali. Tukatandaza michoro mezani. Ilikuwa ndege ya zamani ya doria baharini, ya enzi ya vita kuu ya pili, injini mbili, tumbo lake ni mashua kabisa, bawa limepanda juu ya mgongo kwenye nguzo. Ilikuwa inatua majini, inapaa kutoka majini, na kazi yake kuzunguka juu ya bahari kutafuta nyambizi. Huku nyuma, kila ubavu, ilikuwa na jicho kubwa la kioo lililotokeza nje kama shavu la mtu anayekula muwa. Mwalimu Yohana akasema anayeitaka si yeye, ni mama yake, na mama yake anataka kuongea na fundi mwenyewe. Jumapili baada ya ibada nikaenda kwao Miyuji.

Bibi Mwendwa nilimkuta barazani, amekaa wima, macho yamefungwa. Yalikuwa hayaoni tangu zamani.

"Mbukwenyi, bibi," nikamwamkia kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Lete mikono." Akanishika viganja, akavipitia kimoja kimoja. "Una kazi ngumu. Kaa."

Nikamwomba nimrekodi kwenye simu, maana naandika polepole. Akakubali kwa sharti kwamba sitamkatiza. Haya ndiyo aliyoniambia, kwa kifupi chake.

Baba yake, Mzee Ndahani, alichukuliwa wakati wa vita akapelekwa pwani. Kazi aliyopewa ilikuwa kufuta vile vioo. Chumvi ya bahari inavitia ukungu, yeye anafuta; kesho vimeingia ukungu tena, anafuta tena. Hakupewa bunduki, alipewa kitambaa. Siku moja wale marubani wakampandisha naye aone kazi yake inatumika wapi. Akakalishwa ndani ya jicho la kulia. Jua lilipozama, taa ikawashwa chini ya bawa, upande uleule aliokaa yeye, na bahari yote ikawa nyeupe, samaki wanaruka kama panzi kwenye shamba la mtama.

"Akarudi huku," bibi akasema. "Huku kwetu ambako mto wenyewe ni mchanga. Akawaambia watu kuna ndege inakaa majini. Wakamuuliza, kama bata? Akasema ndiyo, kama bata. Hapo ndipo alipokosea. Angesema kama mashua."

Wakamwita Baba Bata. Mimi nilitabasamu, nikashukuru kwamba haoni. Lakini alijua.

"Cheka tu, inachekesha. Mimi shuleni nilikuwa Binti Bata. Nikipita, wenzangu wanatembea nyuma yangu hivi." Akayumbisha mabega. "Mpaka siku ya kuolewa kwangu, mtu alilia kwak-kwak nje ya nyumba. Baba akaacha kusimulia. Siyo ndege tu, aliacha kusimulia chochote. Ukimuuliza mvua imenyesha wapi, anakwambia katazame."

Mzee Ndahani alikufa siku nyingi na kaburi lake lilikuwa bado udongo. Sasa ukoo ulikuwa umeamua kulijengea, mchungaji aje aombe, ndugu wote wakusanyike kule kijijini, njia ya Bahi. Bibi alikuwa ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Na kati ya wale waliokuwa wanamcheka baba yake alikuwa amebaki mmoja, Mzee Sogoro, aliyekuwa kijana wakati ule na hodari wa kulia kwak-kwak.

"Atakuja," bibi akasema. "Miguu anayo na nyama itakuwepo. Nataka aone ile ndege, aniambie kwa mdomo wake baba yangu hakuwa muongo. Nikifa kabla sijasikia hilo, nitakuwa nimemwacha baba pale pale walipomwacha wao. Na mimi nitaiangalia kwa mikono, kwa hiyo usinitengenezee picha."

Niliporudi nikamwambia Mzee Kibwana kazi hii nitaifanya mwenyewe.

Tulitumia skeli ya moja kwa hamsini, ile tuliyoizoea. Bawa likatoka sentimita sitini na tatu, ubao mmoja bila kiungo, maana kiungo kinasikika mkononi hata ukikipaka rangi. Tumbo nililichonga kwa paini, tabaka tano zilizogandishwa na kubanwa usiku kucha. Mapanga ya injini, yale yanayozunguka, yalitoka kwenye kopo la maziwa. Kwenye ncha za bawa kulikuwa na vielea viwili vya kuizuia isipinduke majini, nikaviwekea bawaba za waya viweze kupanda na kushuka, ili bibi avipate akivitafuta.

Macho ya kioo ndiyo yaliyotupa tabu. Unachonga umbo la mbao, unapasha moto plastiki ya chupa ya soda juu ya jiko la mkaa, unaivuta juu ya lile umbo ikiwa bado laini. Ikipoa kabla hujamaliza inakunjana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Tuliharibu chupa nane. Getruda alizinywa zote kwanza, na kila moja alisema ni kwa ajili ya kazi. Ya tisa na ya kumi zikakubali.

Taa niliiunda kwa kipande cha bomba la antena ya redio, nikatia mbele kile kioo kidogo cha kiberiti cha gesi chenye tochi. Nikaitoboa, nikaipigia pini, nikaigandisha kwa gundi ya epoksi chini ya bawa, mahali palipoonyeshwa kwenye mchoro wa tumbo. Kisha rangi, nyeupe iliyozimwa kidogo na kijivu. Mchanganyiko ule niliukadiria kwa jicho, na kopo likaisha na kazi. Niliona ni baraka, hakuna kilichobaki kumwagwa.

Alhamisi mchana ndege ilikuwa imesimama juu ya kigingi chake. Jumamosi ndiyo siku ya kaburi. Watu wa maduka ya nafaka walikuja kuiangalia, mmoja akauliza nauli yake ni kiasi gani. Getruda akawa na wasiwasi wake: "Na wakisema tuiweke majini?" Mzee Kibwana akamjibu, "Waambie imeshaombewa, haigusi maji ya karai." Akaondoka kwenda kuswali.

Mimi nilikuwa na jambo moja dogo limebaki. Sikukumbuka kama bibi alisema baba yake alikaa kwenye kigoda au kwenye sakafu ndani ya lile jicho. Nikafungua simu nikamsikiliza. Na kwa mazoea tu nikapiga magoti, nikafumba jicho moja, nikaingia. Niko ndani ya jicho la kulia. Mbele yangu, pua ya ndege. Juu yangu, bawa. Bibi akasema kwenye simu, taa ikawashwa chini ya bawa, upande wake.

Nikatafuta taa. Haikuwepo. Ilikuwa upande wa pili, chini ya bawa la kushoto.

Nikasema pengine mzee alisahau, au bibi. Nikachukua mchoro wa tumbo nikauangalia: taa iko kushoto kwa karatasi, na mimi nimeiweka kushoto kwa ndege. Sahihi. Kisha nikaelewa.

Sisi watu wa majumba tunasoma michoro ya dari. Dari huchorwa kana kwamba sakafu ni kioo cha kujitazamia na wewe umeinama unaiangalia humo. Ndiyo maana mchoro wa dari ukiuweka juu ya mchoro wa sakafu, taa za kushoto zinaangukia kushoto. Miaka zaidi ya ishirini nimefanya hivyo. Nikaufanyia mchoro wa ndege vilevile, mchoro wa tumbo nikaulaza juu ya mchoro wa mgongo. Lakini waliochora ndege hawakuangalia kiooni. Wao walilala chini wakaangalia juu, na ukiangalia kitu kutoka chini, kulia kwake kunakuja kushoto kwako. Ili kuwa na hakika nililala chali sakafuni, Getruda akanishikia ndege juu ya uso. Ndiyo hivyo hivyo. Mzee Ndahani alisema kweli, mchoro ulisema kweli. Aliyekosea ni mimi. Na kwa kuwa ndege pande zote mbili zinafanana, hakuna kingine chochote kilichonishtaki.

Mzee Kibwana akarudi akanikuta bado nimelala chini.

"Umeanguka?"

"Taa iko upande siyo, mzee."

Nikamwonyesha. Akaelewa haraka kuliko mimi, akapitisha dole gumba kwenye bawa. Kisha akasema kile ambacho mtu yeyote angesema.

"Ukiing'oa unalipasua bawa. Ubao mmoja ule. Rangi imeisha. Kesho Ijumaa, keshokutwa watu wanaisubiri. Mama Neema, mwenye kazi haoni. Na wanaoona hawajawahi kuiona."

"Ndiyo maana, mzee."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana siwezi kuiacha. Wote watachukua nitakachowapa. Yule baba ameitwa muongo maisha yake yote, halafu mimi nimpelekee kaburini ndege ya uongo?"

"Ni taa, siyo uongo."

"Mzee, wewe umenifundisha maketi ni ahadi. Hii siyo ahadi. Hii ni kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi, na mimi ndiye niliyemlisha maneno."

Getruda akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mzee Kibwana alivaa kofia yake akatoka, na mimi nikajua nimemjibu vibaya mtu aliyenipokea na mtoto mgongoni. Nilirudi nyumbani na jambo hilo kifuani, na kifua chenyewe mnakijua.

Ijumaa nilipofika asubuhi nilikuta juu ya meza yangu msumeno wake mdogo wa Tanga, ule wenye mpini wa pembe, ambao hata mtoto wake haruhusiwi kuushika. Nilisali sala fupi, maana mkono ulishashika msumeno.

Nilikata taa kwa usawa wa bawa, lakini pini ilikuwa imekwenda ndani, na nilipoivuta ikatoka na kipande cha ubao cha ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nikaziba kwa puti. Puti inataka jua, na jua ndicho kitu ambacho Dodoma haijawahi kuninyima. Nikapanda ngazi nikaliweka bawa juu ya bati. Getruda alisimama chini na fimbo akiwafukuza kunguru. Mzee Kibwana aliporudi kutoka msikitini alikunja mikono ya kanzu, akanishikia bawa wakati naigandisha taa upande wa kulia. Alishikilia dakika zote za epoksi bila kutikisika, na ana miaka sabini na moja.

Rangi niliichanganya upya mara sita. Haikulingana. Mahali pale pa kushoto pakabaki doa, na ukipitisha kidole unapata kovu, kama mahali mtoto alipodungwa chanjo.

Jumamosi tulifika kijijini asubuhi, mimi na Mzee Kibwana, ndege nimeipakata kama mtoto wa ubatizo. Kaburi lilikuwa limejengewa kwa saruji, msalaba mweupe. Mchungaji akaomba, tukaimba, kisha watu wakasogea chini ya turubai ambako Mwalimu Yohana alikuwa ameandaa meza. Nikaiweka ndege mbele ya Bibi Mwendwa, nikafunua kitambaa.

Waliokuwa nyuma wakainua shingo. Halafu mzee mmoja mrefu mwenye fimbo na koti zito akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo huyu bata mwenyewe."

Watu wakacheka. Sikuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

"Njoo karibu, Sogoro," bibi akasema. "Bata haumi."

Wakacheka zaidi. Bibi akaanza kuiangalia kwa mikono yake. Pua. Tumbo. Akapata macho ya kioo, akaviweka viganja juu yake, kimoja huku kimoja huku, akakaa hivyo kidogo. Akapanda nguzo, akafika kwenye bawa, akaenda kushoto taratibu. Kidole kikasimama.

"Fundi. Hapa pana nini?"

Ningeweza kusema ni mbao. Mbao zina vifundo, kila mtu anajua. Mzee Kibwana alikuwa ananiangalia.

"Hapo nilikosea, bibi. Niliweka taa upande huo, halafu nikaing'oa nikaihamishia kulia. Hilo ni kovu lake."

Mzee Sogoro akapiga fimbo chini. "Mmesikia? Hata fundi mwenyewe hajui! Jana taa iko huku, leo iko kule. Kesho itakuwa mkiani. Na sisi tuamini!"

Safari hii hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikamwona Mwalimu Yohana anainamisha kichwa. Bibi aliondoa mikono kwenye bawa akaiweka mapajani. Nikaona kila kitu kinaondoka, mwezi mzima wa kazi na maisha mazima ya yule mama, kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi si msemaji wa mbele ya watu. Kwenye kwaya nasimama mstari wa nyuma.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sikuwa nimemwamkia.

Akashangaa. "Marahaba."

"Ni kweli sikujua. Mchoro nilikuwa nao, nikausoma vibaya. Unajua aliyenisahihisha ni nani?"

"Nani?"

Nikaonyesha kaburi. "Yule pale. Alimwambia binti yake taa ilikuwa kulia, na binti yake akaniambia mimi. Mchoro umechorwa na watu wa mbali, hawakumjua Ndahani, wala Ndahani hakuwahi kuuona mchoro wao. Nao wanasema kulia. Niliyesema kushoto ni mimi peke yangu, mwenye karatasi mkononi. Sasa mzee, niambie. Mtu aliyetunga habari nyumbani kwake angejuaje upande?"

Nikatoa mchoro nikampa. Mzee Sogoro akaugeuza, akaugeuza tena. Nikamwambia kwamba huo unasomwa kutoka chini. Akafikiri kidogo, akampa mtu fimbo yake, akaushika mchoro kwa mikono miwili akauinua juu ya kichwa, shingo nyuma, mdomo wazi, kwenye mwanga unaopita turubai. Mzee yule alisimama hivyo mpaka mikono ikachoka. Akaushusha. Akainama chini ya meza, magoti yanalia, akaangalia tumbo la ndege, akagusa taa kwa kidole kimoja.

Tulikuwa tunasubiri aseme. Bibi alikuwa anasubiri kuliko sisi sote, kichwa ameelekeza kule alikosikia magoti. Lile neno alilolitaka halikuja. Mzee Sogoro alinyanyuka, akajifuta suruali, akapokea fimbo yake, akasimama mbele ya Bibi Mwendwa kama mtu aliyesahau alichofuata. Alipofungua mdomo alimwita kwa jina lake.

"Mwendwa."

"Nakusikia."

"Hiyo taa. Ilikuwa inamulika mpaka wapi?"

Mikono ya bibi ilirudi kwenye bawa, safari hii upande wa kulia. Kisha akajisogeza kwenye benchi kumpa nafasi.

"Kaa chini," akasema. "Ni habari ndefu."

Akakaa. Mimi nikawafuata akina mama jikoni, nikavua saa, nikaanza kusugua masufuria. Nilipomaliza la tatu nikachungulia. Bibi alikuwa bado anasimulia, na Mzee Sogoro hakuwa amemkatiza hata mara moja.